Igeuze Uone Bitana: Mahari Yako na Mark X ya Mtumba



Kila Mfunguo ukiingia, wateja wanaokuja kupimwa shela huja na habari mbili. Ya kwanza ni ya ukumbi. Ya pili, siku hizi, ni ya gari. Huku tunazungusha futi kiunoni wanatwambia kuwa wamekubaliana na mchumba wachange wanunue gari ya kuanzia maisha: yeye atoe alichoweka, na bi harusi atie mahari yake au pesa yake ya kikoba. Tukiuliza gari gani, hatutajiwi Vitz wala IST. Tunaambiwa Mark X. Wachache hutaja Crown Athlete, na mara mojamoja anatokea mwenye roho kubwa akataja BMW.

Hatukuja kuwaambia msinunue. Wa kuwaambia hivyo wapo tele, tena mama mkwe mmoja anatosha. Sisi tunasema jambo jengine. Ikiwa mahari yako inaingia kwenye gari ile, basi na wewe uwepo siku inapokaguliwa, uitazame chini, ndani na kwenye karatasi zake, kabla hujaiona imepambwa maua. Kwenye vyumba vyetu vya kushonea hakuna anayenunua gauni la dukani bila ya kuligeuza ndani kutazama mishono na bitana. Nguo ya elfu hamsini tunaigeuza. Gari ya mamilioni tunaipiga picha tukiwa tumeegemea boneti, tunatuma kwa mashoga, na bwana anaenda kulipa.

Kwanza tuelewe kwa nini gari ya kifahari namna ile inafika hapa kwa bei ambayo mwalimu na fundi cherehani wakichanga wanaimudu. Toyota walianza kuitoa Mark X mwaka 2004 kuchukua nafasi ya Mark II, wakaacha kuitengeneza 2019. Ni saluni ya ukubwa wa kati, injini ya silinda sita, inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, na ile yenye injini ya lita 2.5 inatumia injini moja na Lexus IS250. Ilikuwa gari ya mtu anayejiweza. Lakini kule Japani gari mpya ikifika miaka mitatu lazima ipite ukaguzi wa serikali, na baada ya hapo kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Tena kodi yao ya mwaka inapanda kwa ukubwa wa injini, na gari ikishazeeka inaongezeka. Kwa hiyo mwenye gari anafika mahali anaona bora aiache iende mnadani. Hakuiacha kwa kuwa ni mbovu. Ameiacha kwa kuwa kuiweka barabarani ni ghali.

Hilo ndilo ambalo yadi hawakwambii. Bei ya kuinunua imeshuka. Bei ya kuitunza haikushuka hata shilingi. Plagi ni sita, si nne. Koili ni sita. Pampu ya mafuta ni ya shinikizo kubwa. Kifaa cha Mark X hakijui kwamba wewe umeinunua mtumba.

Na petroli. Kwa mjini, injini ya 2.5 inakwenda kiasi cha kilomita nane kwa lita, ukipata tisa shukuru. Tuseme kutoka Fuoni kwenda mjini, kupitia kwa mama, kurudi, na mizunguko ya harusi za watu, unafanya kilomita 30 kwa siku. Hizo ni karibu lita nne. Gari ndogo ya injini ya 1.3 ingetumia lita mbili na kidogo. Zidisha kwa siku 26 za kazi, halafu zidisha kwa bei ya lita kwenye kituo chako, ndipo umwambie mchumba kama mmeafikiana au bado. Wapo wanaofanya hesabu hii wakasema sawa, tunaiweza. Hao wanunue kwa raha zao.

Sasa tuigeuze.

Anza na rangi, maana rangi ni lugha yetu. Gari isimame juani, si kivulini wala jioni, na isiwe imetoka kuoshwa na ina maji. Simama pembeni ya taa ya nyuma, inama kidogo, tazama ubavu wote kama unavyotazama satini iliyotandikwa mezani. Satini iliyovutwa vibaya inaonyesha wimbi. Bati lililopigwa nyundo na kupakwa puti nalo linaonyesha wimbi. Kisha tazama nafasi baina ya mlango na mlango, na baina ya boneti na madigadi: ziwe sawa juu na chini, kushoto na kulia. Mshono uliokwenda upande mmoja mwembamba na mwengine mpana, umeshafumuliwa huo. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa laini usimchune mtu rangi, ipitishe. Pale inapokataa kushika kwenye bati, chini yake pana puti. Fungua boneti utazame vichwa vya bolti zinazoishika: rangi ikiwa imechubuka, boneti ilishafunguliwa, na uulize kwa nini.

Ingia ndani. Usikimbilie skrini na siti za ngozi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake kabisa. Sehemu ile ya mwisho huwa haioshwi na mtu. Ukiona tope lililokauka au alama ya maji, gari hiyo huenda ilizama, na gari iliyozama ina maradhi ya umeme yasiyokwisha. Inua kapeti ya buti, weka mkono kwenye shimo la tairi la akiba, unuse. Pua ya mwanamke anayejua harufu ya nguo iliyoanikwa ikiwa mbichi haidanganyiki.

Chini ya gari ndipo kwenye habari nyingi, na kwetu sisi watu wa kisiwani ndipo pa kukaa zaidi. Lipa fundi aipandishe kwenye jeki madhubuti au aipeleke kwenye shimo. Japani ya kaskazini kunaanguka theluji, na barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari iliyoishi huko imekula chumvi miaka, na ikija hapa inakutana na chumvi ya bahari yetu. Mark X zinazosukuma kwa magurudumu manne zilipendwa sana sehemu hizo za theluji. Utazijuaje? Namba ya chesisi. GRX120 ni ya 2.5 ya toleo la mwanzo, GRX121 ni ya lita 3.0, na GRX125 ni ya magurudumu manne. Toleo la pili, lililoanza 2009, GRX130 ni ya 2.5, GRX133 ni ya 3.5, na GRX135 ni ya magurudumu manne. Muuzaji akikwambia hii ni tatu elfu na chesisi inasoma GRX120, basi ushajua unazungumza na mtu wa namna gani, na mengine yote aliyoyasema yapime kwa kipimo hicho. Gari ya magurudumu manne si dhambi, ila kutu yake itazame mara mbili: kwenye viungo vya miguu ya mbele na ya nyuma, kwenye bomba la moshi, na pale mabati yalipounganishwa. Kutu ya juujuu inayofutika kwa kidole haituogopeshi. Inayobanduka kama ganda la mkate, ondokeni.

Mark X ipo chini na njia zetu zina matuta, kwa hiyo bushi na mikono ya mbele huteseka. Kingine, vijana wanaipenda kwa mbio, na gari inayosukuma nyuma ndiyo wanayoizungusha mpaka tairi zitoe moshi. Tazama tairi za nyuma upande wa ndani. Zikiwa zimelika kwa ndani na nje ni nzima, miguu haijakaa sawa. Na pale tairi lilipoandikwa, zipo tarakimu nne ndani ya duara refu: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari imesifiwa tairi mpya, na tairi zina miaka minane. Hiyo inatosha kuanza kushusha bei.

Injini isikilizwe asubuhi, ikiwa baridi. Mwambie muuzaji mapema kuwa mtakuja asubuhi na asiiwashe. Mkifika, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, kuna sauti ambayo hakutaka muisikie. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha, taa ya injini kwenye dashibodi iwake, na injini ikishawaka izimike. Isipowaka kabisa, msifurahi: huenda imezimwa makusudi ili usijue. Injini hii ya 2.5 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haipiti kuziosha vali, na masizi yanajenga taratibu. Dalili yake ni kutetema na kupandisha na kushusha ikiwa imesimama. Kuisafisha kunawezekana, lakini ni kazi ya fundi anayeijua, na ni pesa. Halafu chungulia mbele ya injini, upande wa mikanda, kwenye pampu ya maji. Maji ya rejeta ya Toyota ni ya rangi ya waridi. Yakivuja na kukauka yanaacha ukungu wa waridi pale pale. Wanaume wengi wanaupita bila ya kuuona. Sisi waridi tunaijua hata ikiwa imefifia.

Mwisho bomba la moshi: moshi wa bluu ni oili inaungua. Na gia: kutoka P kwenda D, kutoka D kwenda R, mguu kwenye breki, isipige kishindo. Iendeshwe nusu saa, si kuzunguka msikiti na kurudi.

Karatasi tunazipita haraka kwa kuwa zinasemwa kila mahali, ila mambo mawili. Karatasi ya mnada wa Japani ina mchoro wa gari wenye herufi: A ni mchubuko, U ni kubonyea, W ni alama ya kutengenezwa, X ni kitu cha kubadilishwa, XX kimeshabadilishwa. Daraja likiwa R, gari ilishapata ajali ikatengenezwa. Si kila R ni mbaya, lakini R haiuzwi kwa bei ya 4.5. Na cheti cha kuisafirisha kutoka Japani huwa kimeandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule. Kilinganishe na dashibodi. Kama dashibodi ina kilomita chache kuliko cheti, basi ilirudi nyuma ikiwa ndani ya meli, na hayo ni maajabu.

Tunajua mtatwambia: gereji si mahali petu, mafundi wanazungumza na mwanamume tu, mimi nitasimama hapo kama mti. Simama. Nenda na kaka yako au baba, vaa buibui lako, peleka fundi wako mwenyewe asiyekuwa na ujamaa na muuzaji, na karatasi yenye maswali uliyoyaandika nyumbani. Bibi Khadija alikuwa na misafara ya biashara na akachagua kwa umakini nani wa kumuamini mali yake. Kuuliza pampu ya maji hakumtoi mwanamke kwenye haya yake.

Dini yenyewe imeweka upande wako. Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, akakuta chini ni rutuba na juu ni kavu, na akamkemea muuzaji kwa kuuficha unyevu. Hakutosheka na kutazama juu ya rundo. Mafakihi wetu wana jina la haki ya mnunuzi aliyefichwa dosari: khiyari ya aibu, yaani hiari ya kuirejesha bidhaa. Kwa hiyo muuzaji akikwambia “nakuuzia kama ulivyoiona”, mjibu kwa upole: nionyeshe basi ambalo sijaliona. Anayeogopa Mungu atakuonyesha. Tumewakuta, wapo, na bei zao hazina haja ya kuvutwa sana.

Sasa lile ambalo mashoga hulikwepa. Mteja wetu mmoja, tulimshonea shela la lesi na gauni la kutolea nje, aliuza bangili zake na kuongeza mahari yake yote kwenye Crown. Yeye ndiye aliyetoa zaidi ya nusu. Kadi ya gari ikaandikwa jina la bwana, kwa kuwa siku ya kuandikisha yeye alikuwa kwenye singo. Miezi haikupita mingi gia boksi likaanza kuteleza. Fundi akataja bei, na bei hiyo haikuwepo ndani ya nyumba. Bwana akataka kuiuza vile vile ilivyo, yeye akakataa, bwana akauliza: kwani yako? Ndoa haikuvunjika, alhamdulillah. Lakini alituambia kilichomuuma halikuwa gia boksi. Kilichomuuma ni kwamba hakuna popote palipoandikwa alitoa ngapi, hata mama yake mzazi hakujua.

Mahari ni ya mke. Suratun Nisaa aya ya 4 imeliweka hilo wazi: mume anaila tu ikiwa mke kwa roho safi amemuachia. Basi amua, na amua mapema: unampa, unamkopesha, au mnashirikiana? Yote matatu ni halali. Kilicho kibaya ni kutokujua ni lipi. Ukimpa, mpe kweli, na siku gari ikifa usimkumbushe. Ukimkopesha, aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na haikusema isipokuwa mtu na mumewe. Mkishirikiana, andikeni mafungu kwenye karatasi moja, wazee wawili watie saini, na ulizeni wakati wa kuandikisha kama majina mawili yanakubalika. Mchumba atakayekasirika kwa karatasi kabla ya harusi, tunakuomba utafakari kabla hatujakata kitambaa cha shela.

Kwa wanaoolewa Bara, neno moja: gari yenye namba ya Z ukitaka kuivusha ukaishi nayo Dar huenda ikawa na taratibu zake. Ulizia kabla ya kununua huku, usije ukaiacha nyumbani kwa wazee inaota kutu chini ya mwembe.

Na kama haja yako ni siku ya harusi tu, picha mbele ya ukumbi na honi mpaka nyumbani, kodi. Inakodishwa kwa siku na ikiharibika ni ya mwenyewe.

Wapo wanaotuuliza: nyinyi mngenunua ipi? Sisi tungechukua GRX130, ya 2.5, inayosukuma nyuma, yenye rimu zake za asili na haijashushwa chini, iliyokuwa ya mtu mzima, na tungebakisha pembeni si chini ya sehemu moja katika tano ya bei yake kwa ajili ya mwaka wa kwanza: tairi, bushi, plagi sita, oili ya gia na lolote lile atakaloliona fundi. Pesa hiyo isipokuwepo, tunashuka daraja mpaka ipatikane, hata ikiwa ni IST na mashoga wakacheka.

Rangi, bila shaka, mtataka nyeupe ya lulu. Kwenye picha na shela inapendeza, hatubishi. Ila lulu inapakwa kwa tabaka tatu na kuioanisha ikichubuka ni kazi; mlango uliorudiwa unakuwa kama kipande cha kitambaa cha jora jengine. Ukiinunua, itazame juani milango yote minne, kisha urudi kuitazama tena magharibi inapokaribia, mwanga ukiwa umelala. Ya fedha inaficha vumbi la njia ya shamba, na bei yake mara nyingi iko chini kidogo.